Kabati lisilo na ufunguo: ufunguo umekwenda wapi?

Ukinunua umeme wa LUKU wa shilingi elfu tano, simu inakuletea tarakimu 20. Unasimama mbele ya mita, unabonyeza moja moja, mita inalia, uniti zinaingia. Sasa jiulize jambo dogo. Mita yako, kama ni zile za kawaida tulizozizoea majumbani, haina laini ya simu wala intaneti. Imejuaje kwamba umelipa? Na kwa nini tarakimu hizo hizo ukimpa jirani haziingii kwake, na wewe mwenyewe ukizirudia kesho zinakataliwa?

Ni kwa sababu ndani ya mita kuna ufunguo. Si wa chuma. Ni namba ndefu ya siri iliyofichwa humo, ambayo mfumo wa mauzo wa TANESCO nao unayo upande wake. Ukilipa, mfumo unachukua kiasi cha uniti na dakika uliyonunua, unavivuruga kwa kutumia ufunguo huo, zinatoka tarakimu 20. Mita inafanya hesabu hiyo kinyumenyume na kupata uniti zako. Jirani ana ufunguo mwingine, kwa hiyo kwake hizo ni namba tu. Na ukirudia tokeni, mita inakumbuka kwamba ya dakika ile imeshaingia.

Kama ulikuwa na mita mwaka 2024, huenda unakumbuka ulipotakiwa kuingiza kwanza makundi mawili ya tarakimu 20 kabla ya lile la umeme wenyewe. Haikuwa hitilafu, ulikuwa unabadilisha ufunguo. Dakika za tokeni zilikuwa zikihesabiwa tangu Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24, yaani dakika 16,777,216. Gawanya kwa dakika za mwaka mmoja, unapata karibu miaka 32. Hesabu ilikuwa inafika mwisho Novemba 24, 2024, na mita za mtindo huu duniani kote zilitakiwa zipewe ufunguo mpya na mwanzo mpya wa kuhesabu. Mamilioni ya watu wamebadilisha ufunguo kwa mkono wao bila kujua kwamba kuna ufunguo.

Nimeanza na LUKU kwa sababu karibu kila mtu anaijua, na kwa sababu kabati la ofisini lisilo na ufunguo ni ndugu yake wa karibu. Nazungumzia yale makabati madogo ya kuhifadhia vitu, wengi wetu tunayaita loka, yenye vibonye vya namba au mahali pa kugusisha kadi. Yanaingia kwenye maofisi, hosteli, hospitali, maktaba na kumbi za mazoezi. Muuzaji anakuja na sentensi moja tamu: hakuna tena funguo za kupotea. Ni kweli kwa upande mmoja. Funguo za chuma hazipo. Ila ufunguo wenyewe upo, na ukishaacha kuuona unaacha pia kuuliza nani anao.

Tuuweke mfano wetu Makere, pale kwenye barabara ya Kasulu kwenda Kibondo. Tuseme kuna ofisi inayotumiwa na watu wengi: wahudumu wa afya, walimu wa kujitolea, watu wa mashirika wanaokwenda na kurudi kambi ya Nyarugusu. Wanafika asubuhi kwa pikipiki, wanaacha begi, simu ya pili, vyeti, labda pesa ya kikundi. Ofisi imeamua kununua makabati 12 ya kielektroniki. Wewe ndiye uliyeombwa ushauri kwa vile umesoma sayansi. Utawaambia nini?

Ndani ya kitasa

Kwanza fungua kifuniko uone. Kuna ulimi wa chuma unaoingia kwenye fremu, kama kitasa chochote. Tofauti ni nani anayeusukuma. Kwenye aina nyingi ni mota ndogo, ya ukubwa wa ile ya gari la kuchezea la mtoto. Kwenye aina za bei ya chini ni koili yenye kipande cha chuma katikati: umeme ukipita, koili inageuka sumaku, inavuta chuma, njia ya kugeuza mkono inafunguka. Umeme ukikatika, springi inarudisha chuma mahali pake. Mtindo wa koili una udhaifu wake, maana kinachozuia mlango ni kichuma kilichoshikwa na springi dhaifu, na vile visanduku vya rahisi vya kuwekea vitu vya thamani vimeonyeshwa mara nyingi vikifunguka kwa kugongwa tu juu kwa ngumi. Ukiweza, chagua mota.

Kando ya mota kuna chipu inayolinganisha ulichobonyeza na kilichohifadhiwa. Hiyo ndiyo akili yote ya kabati. Ina kumbukumbu isiyofutika umeme ukiisha, sawa na ile inayohifadhi picha kwenye simu iliyozimwa.

Makabati haya huwekwa katika mojawapo ya mitindo miwili. Ya kwanza, kabati ni lako: namba yako inakaa humo mpaka uibadilishe. Ya pili ni ya kupokezana: unakuta kabati liko wazi, unaweka vitu, unabuni namba, unafunga. Ukirudi unaingiza namba ile ile, mlango unafunguka na namba inafutika, anayefuata anabuni yake. Kwa ofisi yetu ya Makere, ambako leo wanakuja watu kumi na kesho watano tofauti, huu wa pili unafaa zaidi, ilimradi watu waelewe kwamba namba ya jana haipo tena leo.

Namba nne zinatosha?

Tarakimu nne zinatoa namba 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Mwizi akijaribu moja kila sekunde tano bila kupumzika atazimaliza kwa saa 14 hivi, na kwa wastani ataipata nusu ya njia, saa saba. Usiku mmoja tu. Sasa weka sharti kwamba ukikosea mara tano kabati linagoma kwa dakika tano. Majaribio 10,000 ni mafungu 2,000 ya matano matano, na kila fungu linafuatwa na dakika tano za kusubiri: dakika 10,000, yaani karibu siku saba mchana na usiku. Hatujaongeza tarakimu hata moja, tumemlazimisha mtu asubiri. Kwa hiyo ukimuuliza muuzaji swali moja tu kuhusu namba, usiulize ni tarakimu ngapi. Uliza nikikosea mara nyingi kinatokea nini.

Lakini hesabu hiyo inadhani watu wanachagua namba ovyo ovyo, na hawafanyi hivyo. Mwaka 2012 mchambuzi wa takwimu Nick Berry alipitia namba za siri za tarakimu nne zipatazo milioni 3.4 zilizokuwa zimevuja. Karibu 11 katika kila 100 zilikuwa 1234. Na wengi wanaweka mwaka wa kuzaliwa. Watu wazima wa ofisi moja wamezaliwa ndani ya miaka hamsini hivi, kwa hiyo namba 10,000 zimeshuka kuwa 50, na kazi ya siku saba imekuwa ya chini ya saa moja.

Halafu kuna vumbi. Wakati wa kiangazi, ukanda wetu ule wa udongo mwekundu, vibonye vinavyobonyezwa kila siku vinang'aa na vingine vinabaki na vumbi. Ukiona vibonye vinne vimesafishwa na vidole, mpangilio unaowezekana ni 24 tu. Hapa kuna kitu kinachowashangaza wengi: vikionekana vitatu tu, maana yake namba moja imerudiwa, na mipangilio inakuwa 36. Yaani kurudia tarakimu moja kunamsumbua mwizi zaidi kidogo. Fanya hesabu mwenyewe kwenye karatasi kama huamini. Hata hivyo njia nzuri kuliko zote ni kitambaa chenye maji.

Kadi na kidole

Badala ya vibonye unaweza kupewa kadi. Ndani ya kadi hakuna betri, kuna chipu ndogo kuliko punje ya mchele na waya mwembamba uliozungushwa. Kisomaji kwenye kabati nacho kina waya wa namna hiyo, unaotoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba uga wa namna hiyo unazalisha umeme kwenye waya ulio karibu. Ukisogeza kadi, umeme huo kiduchu unaiamsha chipu, chipu inajitaja.

Tatizo liko kwenye kujitaja. Kadi za zamani na za bei rahisi zinasema namba yao kwa yeyote anayeuliza, na mwenye kifaa cha kunakili anaichukua na kutengeneza pacha yake. Zile za juu kidogo zinafanya mazungumzo ya siri kwanza, lakini nazo zimewahi kuaibika. Kadi maarufu ya MIFARE Classic, iliyokuwa ikitumika hata kwenye usafiri wa London, ilitegemea ufundi wa hesabu ambao kampuni iliuficha. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliufumua na kuonyesha jinsi ya kuinakili. Kampuni ya NXP ilikwenda mahakamani kuzuia makala yao isichapishwe. Mahakama ikakataa.

Wanaosoma masuala ya siri hawakushangaa sana. Tangu mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs alishaandika kwamba kufuli zuri linatakiwa libaki salama hata adui akijua linavyofanya kazi, ilimradi hana ufunguo. Muuzaji akikwambia kabati lake ni salama kwa sababu hakuna anayejua ndani kuna nini, huyo hajakupa sababu ya kununua.

Kuhusu alama za vidole, msimamo wangu ni mkali kidogo: kwa kabati la begi, usikubali. Sababu ya kwanza ni ya kazi za mikono. Kidole cha mtu anayelima mihogo na maharage, anayefyatua matofali au kufua kwa mkono, mistari yake imesagika na kupasuka. Tuliona jinsi watu wa namna hiyo walivyohangaika wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, zoezi lililofika ukomo wake Januari 2020. Ya pili ni kwamba namba ikivuja unabadilisha, kidole kikivuja utabadilisha na nini? Ya tatu ni ya kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka alama za mwili kwenye fungu la taarifa nyeti. Ofisi inayokusanya vidole vya wafanyakazi wake imebeba wajibu ambao kwa ajili ya kabati la kuwekea kandambili hauna haja.

Umeme

Kasulu na Kibondo kwa miaka mingi ziliwaka kwa majenereta ya dizeli, kwa hiyo msomaji wa huko hahitaji kufundishwa kwamba umeme unakatika. Yapo makabati yanayoendeshwa kwa nyaya kutoka kwenye kompyuta moja kuu. Yanapendeza sana kwenye picha. Kwa Makere ningechagua yale yenye kila mlango na betri zake, kwa kawaida betri nne ndogo za volti 1.5 zilizopangwa mfululizo, jumla volti 6. Kabati likiwa limetulia linakunywa umeme kidogo mno. Kinachomaliza betri ni mota, maana kila ukifungua inavuta umeme mwingi kwa nusu sekunde.

Na hapo ndipo penye mtego. Betri iliyochoka bado inaweza kuwasha taa na kupiga mlio, kwa sababu hivyo vinahitaji umeme kidogo. Mota ikianza kuvuta, volti zinaporomoka, ulimi unakwama katikati. Mtumiaji anaona taa ya kijani, anasikia mlio, mlango haufunguki, anaanza kuupiga teke. Makabati mazuri yanaonya mapema, na mbele yana vipini viwili vya chuma vya kugusishia betri ya volti 9 kutoka nje. Betri hiyo haifungui kitu, inatoa nguvu tu, namba bado unatakiwa uijue. Inunue siku ile ile unayonunua makabati, na isikae ndani ya kabati mojawapo (usicheke, hutokea).

Nani ana namba kuu?

Sasa tufike kwenye kitu ambacho mazungumzo ya ununuzi huwa yanakipita haraka. Mtu amesahau namba yake, au ameacha kazi na kabati limefungwa. Lazima kuwe na njia ya kufungua. Njia hiyo ni namba kuu, inayofungua makabati yote. Kwa funguo za chuma mafundi wana jina lake lisilo la adabu, ufunguo malaya.

Makabati na masanduku ya namna hii hutoka kiwandani na namba kuu ya kuanzia, ambayo imeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, na kitabu kiko intaneti kwa kila mtu. Masanduku ya hotelini yamekutwa mara nyingi yakiwa bado na namba hiyo, sifuri tupu. Aliyefunga alijaribu, yakafunguka, akaondoka zake. Hivyo wewe unabuni namba ngumu, unafuta vumbi, unaficha mkono, na nyuma yako kuna namba ambayo mtu yeyote mwenye dakika tano na simu anaweza kuitafuta.

Ukishaibadilisha, linabaki swali la nani aishike. Hapa ofisi inaweza kujifunza kwa akina mama wa VICOBA. Sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa lina makufuli matatu. Funguo wanashika watu watatu tofauti, na sanduku linakaa kwa mtu mwingine. Mtindo huu ulienea Afrika kutoka Niger, ambako shirika la CARE liliuanzisha mwaka 1991, na nguvu yake iko kwenye jambo moja: hakuna mtu mmoja anayeweza kufungua, kwa hiyo hakuna mtu mmoja anayeweza kushukiwa. Kwenye kikundi cha watu wanaofahamiana hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza. Linganisha na ofisi ambayo namba kuu iko kichwani kwa mlinzi peke yake. Siku simu ya mtu ikipotea ndani ya kabati, mlinzi amekwisha, awe ameiba au hajaiba.

Udhaifu wa makufuli matatu unaujua: mmoja akienda msibani Kibondo, sanduku halifunguki. Tungependa wawili wowote kati ya watatu waweze kufungua, na mmoja peke yake asiweze. Kwa chuma ni kazi ngumu. Kwa namba inawezekana, na njia yake ilichapishwa mwaka 1979 na mwanahisabati Adi Shamir.

Tuijaribu. Namba kuu ni 4731. Chagua kwa siri namba nyingine yoyote, tuseme 218. Mtu wa kwanza mpe 4731 jumlisha 218, yaani 4949. Wa pili jumlisha 218 mara mbili: 5167. Wa tatu mara tatu: 5385. Kisha choma karatasi. Siku wa pili yuko safarini, wa kwanza na wa tatu wanakaa pamoja. Tofauti ya namba zao ni 436. Kati yao kuna hatua mbili, kwa hiyo hatua moja ni 218. Wanatoa 218 kwenye 4949, wanapata 4731. Ni jiometri ya sekondari, ule mstari ulionyooka: nukta mbili zinakuonyesha mstari wote, nukta moja inapitiwa na mistari isiyo na idadi. Kwenye mifumo halisi namba hizo huzungushwa kama saa, ikifika mwisho inaanza upya, ili hata ukubwa wa namba yako usikupe fununu. Wawili wakishafungua wameijua namba kuu, kwa hiyo inabadilishwa siku hiyo hiyo na vipande vipya vinagawiwa. Inachukua dakika kumi na kalamu.

Makabati mengi pia yanaandika kumbukumbu: namba ipi ilifungua, saa ngapi. Inasaidia pakitokea ugomvi, lakini usiichukulie kama ushahidi wa sekunde. Saa ya ndani inaendeshwa na kipande cha fuwele kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, na kipande cha kawaida kinaweza kukosea kiasi cha sekunde mbili kwa siku. Baada ya mwaka ni zaidi ya dakika kumi. Kwa sababu hiyo hiyo, yale makabati yanayofunguliwa kwa namba ya muda inayotumwa kwenye simu huanza kukataa namba sahihi: kabati na mfumo, kama mita na TANESCO, wana ufunguo mmoja, lakini saa zao zimeachana. Atakayebadilisha betri apewe pia kazi ya kurekebisha saa.

Na kabla ofisi haijalipa, mwambie muuzaji aweke begi lake mwenyewe ndani, afunge, kisha akuonyeshe mambo matatu bila kupiga simu popote: betri zikiisha anafunguaje, mtumiaji akisahau namba anafunguaje, na namba kuu inabadilishwaje. Hilo la tatu mwache alifanye huku umegeuka ukutani, halafu uibadilishe tena wewe akiwa ameshaondoka.